Uzi wa kipupwe: wana Mwanza, miezi hii mikavu mnafanya nini nyumbani na watoto?

Mama Kulwa wa Buswelu (mleta mada)

Wakuu, mwadila.

Shule zimefungwa, watoto wamejaa sebuleni, na alfajiri ukitoa mguu nje ya blanketi unarudi wenyewe bila kuambiwa. Watu wa Makete, wenye baridi ya kweli, mkicheka chekeni tu. Hapa kwetu Juni ikishaingia anga la usiku linakuwa safi, hakuna wingu la kuzuia joto, basi lote tulilolipata mchana linapotelea juu, na kufikia saa kumi na moja alfajiri kipimo kinasoma nyuzi 16 au 17 hivi. Huku Buswelu na Kisesa tunaumia kuliko wenzetu wa Capri Point na Kirumba, kwa sababu ziwa halipoi haraka na walio jirani nalo wanaota joto lake bure.

Ila sijaja kulia baridi. Mimi naona kipupwe cha Mwanza tunakishika mkia. Tunahangaika na baridi ambayo saa tatu asubuhi imeshaondoka, tunaacha ukavu ambao unakaa miezi mitatu hadi minne. Masika yameisha Mei, vuli ni mpaka Oktoba. Katikati hapo, hasa Julai, unaanika kitu asubuhi, unaenda mjini na shughuli zako, unarudi jioni hujakimbizana na mvua. Wazee wetu kazi za kukausha, kusuka na kuezeka walizirundika humu. Sisi tumebaki kununua majaketi ya mtumba soko la Mlango Mmoja na kuwasha televisheni.

Naeleza ya kwangu, nanyi leteni yenu.

Viazi kwanza. Viazi vitamu saa hizi ni vingi, magunia yanashushwa sokoni kila kukicha. Kwangu tunafanya vyote viwili, michembe na matobolwa. Kwa wageni (Mwanza siku hizi ina watu wa kila kona): michembe ni kiazi kibichi, unamenya, unakata vipande vyembamba, unaanika. Matobolwa unachemsha kwanza, ndipo unakata na kuanika. Kumenya ni kwa wakubwa, kupanga juani ni kwa wadogo, na kufukuza kuku ni kwa yule aliyekosa adabu wiki hiyo. Nyuma ya nyumba tuna jiwe, kama nyumba nyingi za mji huu, mchana linawaka huwezi kulikanyaga pekupeku. Natandika turubai safi, napanga vipande visigusane, juu nafunika chandarua kilichostaafu kwa ajili ya nzi. Jioni naingiza ndani, maana umande wa alfajiri unarudisha kazi nyuma. Yakikauka sawasawa, ukiyatikisa kwenye ungo yanagongana kwa mlio. Kama bado yanajipinda, rudisha juani, la sivyo yataota ukungu ndani ya debe na utalaumu debe.

Halafu kufuma. Mabelo ya Mlango Mmoja yanakuja na masweta mazito ya sufu ambayo hapa hayana wa kuyavaa, kwa hiyo yanaishia kwenye lile rundo la bei ya kutupa. Mimi sinunui sweta, nanunua uzi wake. Ligeuze ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Kama limepigwa ovaloki, ujue kitambaa kilikatwa kwa mkasi. Ukifumua utapata vipande vifupi visivyo na kazi. Kama kila upande ulifumwa peke yake, ukaunganishwa na mwenzake kwa uzi tu, hilo ndilo. Fungua mishono, anza kufumua kutoka shingoni, maana mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usije ukajivuruga, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha tundika na kitu chenye uzito kidogo kwa chini. Yale mawimbi ya zamani yananyooka. Kwa upepo huu jioni umeshakauka. Kulwa amepata kofia. Doto alifika mstari wa tatu akatupa sindano akahamia kwenye bao, na sitamlazimisha.

Matembezi nitayaandika chini, maharage yananiita.

Kijana wa Kitulo

Nyuzi 16 mnaita baridi? Huku Julai asubuhi majani yanaamka na barafu juu, ukitembea yanalia chakachaka chini ya viatu. Mama Kulwa njoo na hiyo kofia ya Kulwa uone kama utarudi na masikio.

Ila la masweta nimelibeba. Kwetu ni kinyume, mazito ndiyo yanagombewa, mepesi yanabaki. Swali: hizo sindano mnanunua wapi? Nimeulizia dukani wananipa ya kushonea magunia.

Nesi wa Zamu

Kabla mambo hayajawa matamu sana, niruhusuni nichomekee.

Kipupwe ndipo watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani "lipashe kidogo", wanafunga dirisha, wanalala. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu kuliko oksijeni inavyoweza, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku unahema kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, usingizi mzito. Aliyekuwa tayari amelala hapati hata hiyo nafasi ya kusikia kichwa. Kinachowadanganya wengi ni ule mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi. Wanaona moshi umeisha, wanadhani na sumu imeisha. Haijaisha.

Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa: pasha maji, jaza kwenye chupa, kaza mfuniko, zungushia kanga, weka karibu na miguu. Jiko libaki nje.

Mama Kulwa wa Buswelu

Ahsante sana nesi. Wapangaji wa chumba kimoja hili litufikie kwanza sisi, maana ndiko jiko linakoingia kirahisi.

Mtumbwi Mkavu

Mimi niko Igombe. Leo nina nafasi ya kuandika kwa sababu mwezi umejaa. Dagaa tunawavua gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika, basi tunarudi nyumbani kushona nyavu na kusumbua wake zetu. Ndiyo maana siku hizi mnaona dagaa wamepanda bei pale Mwaloni Kirumba, msiwalaumu kina mama wanaouza.

Mleta mada umegusa ukavu ukaliacha gugu maji. Hili jambo asili yake Amerika ya Kusini, kwenye ziwa letu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwenye kulihamisha ni upepo. Leo liko kwenye mwalo wa jirani unamcheka, kesho limekufungia wewe na mtumbwi hautoki. Mke wangu na wenzake wakaamua kulisuka vikapu. Nimewasaidia vya kutosha kuweza kuwaeleza.

Mnachagua mashina marefu, yale yaliyobanana katikati ya fungu, maana yanayojitanua pembeni ni mafupi yenye matumbo. Kata jani, kata mzizi, suuza tope. Anika mahali penye upepo, ukigeuza kila siku. Shina ni maji matupu, kwa hiyo mzigo wa kumshinda mtu mzima ukikauka unaubeba kwapani. Mvua ndiyo adui, ikiligusa kabla halijakauka linapata madoa meusi na harufu. Kwenye masika kazi hii ni kujitesa, lakini sasa hivi wiki moja inatosha, shina limegeuka rangi ya kahawia ya kung'aa. Linakandamizwa liwe bapa. Kabla ya kusuka unalirashia maji kidogo lilainike, ukilipinda kavu linakatika. Hapo unasuka msuko wa tatu, kama nywele za mtoto wa shule, mrefu uwezavyo, halafu unauzungusha na kuushonea wenyewe kwa wenyewe kuanzia kitako. Watoto wanaweza kabisa huo msuko. Kushonea kitako waachie wakubwa.

Sasa la muhimu. USIWATUME WATOTO KULICHUMA. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani kama hayo, na vijidudu vyake vinapenya ngozi bila wewe kuhisi, hasa mchana jua likiwa kali. Kichocho cha tumbo kwenye fukwe zetu si hadithi. Na chini ya fungu la gugu hujui kama kuna nyoka au mamba. Nunueni kwa wavuvi, sisi tunalitoa tu hata hivyo ili mitumbwi ipite. Likishakauka halina neno, hicho kijidudu hakivumilii kukauka.

Asiyependa Kazi

Siku nzima unasuka kikapu, na pale Mlango Mmoja ndoo ya plastiki bei chee na maji inabeba. Sweta unalifumua ili ufume kofia. Wakuu, hesabu zenu zinanipita kichwani.

Mama Kulwa wa Buswelu

Kaka yangu, nani kakuambia nauza? Hesabu yangu ni hii: watoto wanne ndani ya nyumba, likizo ndefu, simu moja. Wakikaa na hiyo simu, kifurushi kinaisha kabla ya chai ya saa nne na ugomvi unaanza. Wakiwa na msuko wa tatu wanagombania nani wake mrefu, na huo ugomvi naupenda. Tena kikapu cha Mtumbwi Mkavu hakifanani na ndoo. Vitunguu kwenye ndoo ya plastiki vinaoza, kwenye kikapu vinapumua.

Anayetaka kuuza auze, wapo wanaouza. Lakini ukiingia kwa ajili ya fedha, utawakaripia watoto kwa kila kosa na raha yote itaondoka.

Bibi wa Ngudu

Mwangaluka wanangu. Mjukuu ananiandikia hapa, mimi nasema.

Mama Kulwa umeeleza vizuri, lakini kiazi hakimenywi siku kilipochimbwa. Kiache siku chache kivulini kinyauke, ndipo sukari inapanda. Michembe ya kiazi kibichi cha shambani moja kwa moja haina ladha, watoto wataikataa na mtasema siku hizi watoto hawapendi vyakula vyetu.

Mmesahau nsansa. Majani ya kunde sasa shambani yanakwisha, yachumeni yaliyobaki, mchemshe kidogo, mwanike, mweke. Mwezi wa kumi na moja mboga ikiwa hakuna, mnazitoa, mnaunga na karanga za kusaga. Na michembe ni hivyo hivyo, ichemshe ilainike, ponda na karanga, kula na maziwa ya mgando. Ukila asubuhi unafika jioni. Huko mjini mnawapa watoto andazi, saa nne wanalia tena.

Mama Kulwa wa Buswelu

Shikamoo bibi, wabeja sana. La kunyausha kwanza linaanza kwangu leo, kuna gunia limeingia jana na wamenyaji walishakaa mkao wa kula.

Haya, matembezi, kama nilivyoahidi. Nasema ninayoyajua kwa miguu yangu.

Kwangu mimi Saanane inashinda zote, na nashangaa watu waliozaliwa Mwanza wakafikisha miaka arobaini wakiitazama kutoka barabarani tu. Ni hifadhi ya taifa ndani ya jiji. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi kisiwani kabla ya kupisha wanyama. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.18 hata ukijumlisha na maji yake, kwa hiyo mtoto mdogo anaizunguka bila kubebwa sana. Boti inaondokea Capri Point, dakika kumi hivi umeshafika. Nendeni asubuhi! Sababu ni mbili. Asubuhi ziwa limetulia, mchana upepo wa ziwani unapanda na boti inaanza kurukaruka, wenye matumbo mepesi wataharibu safari. Ya pili ni pimbi. Usiku ukiwa wa baridi wanatoka mapema kuota jua juu ya mawe, familia nzima, mama na watoto, wamejipanga wanakutazama kwa dharau. Saa sita jua likiwa kali wameshaingia mapangoni. Na mijusi wenye vichwa vyekundu, watoto wangu waliwashangilia kuliko swala.

Bujora, pale Kisesa, ni ya pili. Daladala mpaka Kisesa, kisha bodaboda au mguu. Makumbusho ya Wasukuma yaliasisiwa na padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kuna jengo lililopewa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya msonge ambayo Doto aliingia akakataa kutoka akidai ndani kuna joto zuri (akili ya mtoto, nyasi nene haziachi joto likimbie). Mkibahatisha tamasha la Bulabo, ambalo huja mwezi Juni pamoja na sikukuu ya Ekaristi, mtayaona makundi mawili ya wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, yakishindana kwa ngoma. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake, ndiyo maana kila upande unaleta vituko na chatu juu. Mwenye mtoto mwoga wa nyoka akae nyuma.

La tatu ni daraja la Kigongo hadi Busisi. Mnaojua foleni ya kivuko cha pale mnajua. Tangu lifunguliwe Juni 2025, hizo kilomita 3 juu ya maji unazipita hujamaliza kula karanga zako za Misungwi. Sisi tunakwenda Sengerema kwa bibi yao, kwa hiyo safari imegeuka matembezi. Lakini nikiri kwamba watoto wanakosa kivuko: mahindi ya kuchoma, magari kujipanga, honi. Kwa hao nawapeleka Kamanga. Mnapanda kivuko pale mjini, mnavuka ghuba, mnakunywa soda upande wa pili, mnarudi. Nauli ni ya kawaida ya abiria na mtoto anapata ziwa lote analotaka, na mkitoka mnaliona jiwe la Bismarck likiwa limekaa pale pale lilipo kwenye picha zote za mji wetu.

Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Nyamhongolo. Vumbi lake ni la kuoga mara mbili, lakini watoto wanaona ng'ombe, sungura na mashine kwa pamoja.

Jiwe la Isamilo



Kuhusu vumbi: mwenye mtoto wa pumu asimpeleke Nane Nane bila dawa yake mfukoni. Na wote, mafuta ya mgando kabla ya kulala, soksi juu yake. Upepo huu unapasua visigino hadi mtu anatembea akichagua pa kukanyaga. Magaga hayana tajiri wala maskini.

Mgeni Nyegezi

Nimehamia juzi kutoka Dodoma, nawasoma kimya kimya. Saanane wanapokea fedha mkononi? Na kitambulisho kinahitajika?

Mama Kulwa wa Buswelu

Karibu jijini. Fedha mkononi hapana, pale ofisini Capri Point wanakupa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Kitambulisho beba, kiingilio cha raia ni tofauti na cha wageni. Maji ya kunywa na chakula bebeni wenyewe, na fungeni vizuri kwa sababu tumbili wa pale wanajua sauti ya mfuko wa maandazi. Viatu viwe vya kushika mawe, kandambili ziacheni nyumbani.

Asiyependa Kazi

Nimesoma yote. Naomba kuuliza kwa heshima, hayo matobolwa yanauzwa yakiwa tayari?

Bibi wa Ngudu

Yanauzwa. Njoo Ngudu ukamenye.

Fundi Baiskeli

Namjibu Kijana wa Kitulo, naona swali lake la sindano limepitwa.

Njoo kwa fundi baiskeli yeyote uombe spoku mbili zilizokatika, tunazitupa. Kata zilingane, ncha moja isugue kwenye jiwe la kunolea mpaka isikwaruze kidole, ile nyingine ikunje au uifunge mpira ili mishono isichomoke. Dada zangu wote walijifunzia hizo. Lakini spoku ina unene wa milimita 2 tu, inafaa uzi mwembamba, soksi za mtoto na vitambaa vya makochi. Kwa uzi mnene wa hayo masweta ya Mama Kulwa itakuletea kitu kigumu kisichovutika. Hapo chonga vijiti vya mianzi, unene wa penseli, sugua na msasa laini, vipake mafuta ya kula kidogo na uviache usiku mzima. Huko kwenu mianzi ipo ya kumwaga.

Kijana wa Kitulo

Ipo, ndiyo ile ya pombe ya ulanzi. Nimeelewa fundi, kesho naenda kukata wa pembeni usio na mwenyewe.